Jirani anapandisha ghorofa, uwani kwetu hakukaliki tena. Mliofikwa na haya mlifanyaje?

mtoto_wa_kikwajuni

Asalaam aleikum jamani. Nna jambo limenifika shingoni, naomba mnivumilie maana ni refu kidogo.

Sie tunakaa Kikwajuni, hapa Unguja, nyumba ya marehemu babu, zile nyumba za zamani mnazijua, bati juu, ukumbi katikati vyumba huku na huku, nyuma uwani ndo kwenye jiko na choo na kisima ambacho siku hizi tunafulia tu. Ubavuni kulikuwa na nyumba kama yetu hivo hivo, baina yetu kichochoro cha kupita mtu mmoja, wawili wakikutana mmoja anajibanza ukutani. Wale wazee walishafariki, watoto wako nje, mmoja wao kaivunja na sasa anapandisha ghorofa, ya tatu hii inakuja. Mie sina neno na mtu kujenga, wallahi sina, ardhi yake na pesa yake. Lakini namna inavojengwa ndo inatutoa roho.

Grainda, ile mashine ya kukatia nondo, inaanza saa 12 kasoro, watu hata hawajamaliza kuvuta uradi. Gari ya mchanga inakuja saa 5 usiku inamwaga mlangoni mwa watu, asubuhi mama akifungua mlango anakutana na mlima. Juzi wamemwaga zege mpaka saa 7 usiku, mashine inanguruma na wenyewe wanaitana kama wako pwani wanavuta jarife. Na kusi lilivo sasa, wao wako upande wa kusini kwetu, vumbi lote la simiti linaingia ndani, ukipitisha kidole juu ya meza asubuhi, mchana ukirudi unapitisha tena. Mama ana pumu, ile dawa yake ya kuvuta ilikuwa inamfikisha miezi miwili, sasa wiki tatu kopo tupu.

Wiki mbili nyuma donge la zege limedondoka kutoka juu likatoboa bati la jiko likaingia kwenye sufuria. Wali ndo umepaliwa, makaa juu ya kifuniko, mama kageuka kidogo tu kwenda kuchukua kitunguu. Kifuniko kimekunjika kama karatasi. Tukaenda kumwonesha msimamizi na sufuria yenyewe mkononi, akasema "pole, tutaangalia". Mpaka leo tunaangaliana.

Kinachoniuma zaidi uwani. Mafundi wako juu wanaona mpaka ndani ya beseni la nguo. Dada zangu wanajitanda kanga mbili ndani ya uwani kwao wenyewe, kuoga wanasubiri magharibi mafundi washuke. Na sasa naona wameacha matundu matatu ya madirisha upande wetu, kwa hiyo hata wakimaliza kujenga hayo macho yanabaki pale pale.

Halafu wiki iliyopita alifariki bibi mmoja nyumba ya nyuma yetu. Jeneza halipiti kichochoroni kwa kifusi. Watu wazima wamevaa kanzu wakashika machepe kuchota kifusi cha mtu, maiti yuko ndani anasubiri. Msimamizi kasimama pale anatizama simu yake. Siku ile nlitaka kufanya jambo baya, mama akanishika mkono.

Kila nikisema anajibu "ongea na bosi", namba ya bosi aliyonipa ni ya nje haipokelewi. Jikoni kuna ufa ukutani sikumbuki kuuona kabla. Nianzie wapi? Nikenda kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, si ndo nshatangaza vita na watu tutakaoishi nao maisha? Na hayo madirisha yanazuilika?

kaskazi77

Pole sana ndugu yangu. Mie nlipita nikasoma "wali umepaliwa" nikaacha kila kitu nikaendelea kusoma. Mshukuruni Mungu kwa hicho kitunguu.

Sina ushauri mkubwa ila hilo la mchanga usiku, kwetu Jang'ombe tulimshika dereva siyo msimamizi. Dereva ndo anayejua wapi amwage. Tukamwambia hapa mlangoni usimwage, nenda pale penye uwazi, saidia fundi watachota kwa wilbaro, kazi yao. Akahamia huko bila ya kugombana na mtu. Msimamizi hata hakujua.

fundi_mwashi_ng'ambo

Mie ni fundi, zaidi ya miaka 20 nashika mwiko, kwa hiyo ntasema na wenzangu wakinuna wanune.

Kwanza nikutoe kwenye jambo moja, lile zege la mpaka saa 7 usiku. Zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa, ukishalianza huliachi katikati. Ukaliacha likashika kisha ukaja kuliunga kesho, pale panakuwa na mshono, mvua za masika zikija maji yanapita hapo hapo na nondo zinaanza kula kutu. Sasa mtu kapanga kuanza saa 2 asubuhi, kokoto zimechelewa, mashine imezimika saa 6 mchana, basi usiku utamkuta na hana la kufanya. Hiyo ni mara moja kwa kila ghorofa. Kosa lao si kumwaga usiku, kosa lao hawakuja kukwambieni. Fundi mwenye adabu anapita siku mbili kabla anabisha hodi, anasema jamani Jumamosi tuna zege tustahmilieni. Mie napita na hata kama kuna mgonjwa naambiwa, na mara moja nlishaahirisha kwa sababu ya harusi ya watu.

Grainda alfajiri hiyo haina udhuru. Nondo ukiikata saa 3 inakatika vile vile. Wanakata alfajiri kwa sababu wanataka kuwahi jua na kwa sababu hakuna aliyewakataza. Na taili na matofali yanakatwa kwa maji, mtu mmoja anashika grainda mmoja anamwagia kwa chupa, vumbi linakuwa tope linaanguka chini. Ukiona wingu jeupe jua wanakata kavu, na lile vumbi si la mchezo, linakaa kifuani mwa fundi mwenyewe kabla halijafika kwa mama yako.

La donge la zege na bati, hapo walitakiwa kufunga turubali au neti upande wenu na kuweka kibanda cha mbao juu ya jiko lenu, ubao kwa ubao juu ya mirunda, siku moja inakwisha. Mbao wanazo, wameshavua fomu za ghorofa ya kwanza. Hili usiombe, dai. Likianguka tena halitamkuta mtu kenda kuchukua kitunguu.

Sasa ufa. Nambie umekaaje. Umesimama wima, umelala, au umekwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha? Na unaingiza nini, kucha au sarafu?

mtoto_wa_kikwajuni

Fundi ahsante sana, sikuwa najua la zege. Ufa umetoka pembe ya chini ya dirisha la jiko unashuka mshazari mpaka karibu na sakafu, upande wa kichochoro. Sarafu ya mia mbili inaingia ubavu, kwa juu. Kwa chini ukucha tu.

fundi_mwashi_ng'ambo

Basi huo si wa lipu. Ufa wa lipu unakuwa kama nywele, umezagaa huku na huku, hauna pakwenda. Huu mpana juu mwembamba chini na umeelekea kichochoroni, naona msingi wenu upande ule umeshuka kidogo. Walipochimba msingi wao walichimba mtaro mzima kwa mpigo mmoja au vipande vipande? Nyumba zenu hizo za zamani msingi wake mfupi, mawe na udongo na chokaa, haufiki mbali. Ukichimba jirani yake chini zaidi kwa urefu wote, ule udongo unaoshika msingi wa mwenzio unakimbilia shimoni kwako. Inatakiwa uchimbe mita moja na nusu hivi, ujenge, ujaze, ndo uende kipande chengine. Inachelewesha kazi ndo maana wengi hawataki.

Fanya hivi leo, usingoje. Chukua penseli, pale ufa unapoishia juu na chini piga mstari mdogo uandike tarehe. Halafu koroga saruji kidogo, bandika vidonge viwili vyembamba kama biskuti vikatize juu ya ufa, kimoja juu kimoja katikati, viandike tarehe navyo. Piga picha na ile sarafu ikiwa ndani. Kidonge kikipasuka, ufa bado unatembea, hapo usilale jikoni na umwite mtu. Kisipopasuka mwezi mzima, huenda nyumba imeshakaa na kilichobaki ni kuziba. Na piga picha vyumba vyote sasa hivi, hata kusikokuwa na ufa, khasa kusikokuwa na ufa.

ukhti_wa_shangani

Mie nko Mji Mkongwe na yangu yana sura nyengine lakini ni hayo hayo. Sie na jirani hatuna hata hicho kichochoro, ukuta ni mmoja, upana wake unaweza kulaza mtoto. Mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko za kwao zimeingia kwenye ukuta na za kwetu zimeingia upande wa pili. Jirani alipoanza matengenezo kugeuza nyumba ya wageni, akakwangua lipu ya chokaa yote akapiga ya simiti kwa sababu inang'aa na haraka. Ukuta wa chokaa unapumua jamani, unyevu unapanda kutoka chini na unatoka nje kupitia lipu. Ukiuvisha simiti upande mmoja unyevu unatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwetu. Baada ya masika ya kwanza lipu ya chumba changu ikaanza kumeguka na chumvi nyeupe kama unga inatoka ukutani, nafagia asubuhi na jioni. Na pale boriti zinapoingia ndo pa kuogopa zaidi, zikioza vichwa hujui mpaka dari ikushukie. Sote tunakumbuka Jumba la Maajabu lilivyoshuka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafariki. Mie tokea siku ile nikisikia nyundo upande wa pili silali chumba kile.

Kwetu huku kuna Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, huwezi kugusa hata dirisha bila ya kibali chao, nkaenda na picha, wakaja kutizama. Sisemi ilikuwa haraka. Lakini ilisaidia kitu kimoja, jirani akajua kuna mtu anaandika. Alikuwa ananiona mwanamke nakaa peke yangu na watoto ati ntanung'unika tu.

La uwani nakuelewa sana kaka na nashukuru umelisema wewe mwanamme, maana sie tukisema tunaambiwa tunajidai. Uwani si kiwanja cha nyuma, ndo chumba chetu kikubwa. Usiwape nafasi ya kusema "funga pazia". Aliyekuja na dirisha jipya ndo wa kufunga. Uliza kibali chao cha ujenzi kwa sababu kibali kinakuwa na michoro, madirisha yamechorwa. Kama matundu matatu hayamo kwenye mchoro kazi yako imekuwa nyepesi. Kama yamo, bado mnaweza kukubaliana yainuliwe, yaanzie juu ya kichwa cha mtu, wakapata hewa na mwangaza na nyie mkapata sitara. Na ulizungumze KABLA hawajapiga lipu. Tundu la matofali fundi analiziba nusu siku. Likishatiwa fremu ya alumini na kioo, hata mwenyewe atakuwa na uchungu nalo.

simba_wa_ngambo

Nyie mnambembeleza mtu wa nini? Kata huo waya wao wa umeme, au ziba kichochoro na wao wasipite, au nenda polisi moja kwa moja. Mtu karibu akuulie mama kwa zege, unaenda kumwomba kibanda cha mbao??

kaskazi77

@simba Waya ule ukiukata unamkata mtoto wa watu aliyeshika grainda, bosi yuko kwake anakunywa chai.

nliyejenga_fuoni

Mie ntazungumza kutoka upande wa pili, na nitatukanwa, haya.

Nlikuwa Muscat miaka sita, nikajenga Fuoni kwa simu. Mdogo wangu ndo msimamizi, ananitumia picha, ukuta umepanda, linta imekaa, slabu imemwagwa, mie natuma pesa na nafurahi. Katika picha zile hakuna hata moja iliyonionesha nyumba ya jirani. Sikujua kama kifusi changu kilikaa miezi minne juu ya njia ya maji, na mvua ya vuli ilipokuja maji yakakosa pa kupita yakaingia chumbani kwa yule mzee. Mdogo wangu anajua, hakunambia, ati "kaka asije akasimamisha kazi".

Alichofanya yule mzee hakunipigia simu kunitukana. Alimwomba mjukuu wake anirikodie sauti, dakika moja hivi, hasemi kitu, kaiweka simu chini tu, na mie nasikia maji yanavochotwa kwa kopo kutoka sakafuni na mtu anakohoa. Mwisho ndo akasema "mwanangu, hii ni nyumbani kwangu, mjengo wako unaendelea vizuri, hongera". Nlikuwa kazini. Nlitoka nje nikakaa kwenye gari.

Kifusi kiliondoka siku ile ile kwa sababu nliwaambia pesa ya wiki haiji mpaka nione picha ya njia ikiwa nyeupe. Kwa hiyo ushauri wangu kwa ndugu wa Kikwajuni, mtafute huyo bosi. Msimamizi hana uwezo wa kukupa hata msumari, na wala hana faida ya kukufikisha. Lakini kila mtu wa nje ana mtu wake hapa, shangazi, mama mdogo, rafiki yake wa skuli. Kikwajuni nyie mmekaa pamoja tokea enzi za mababu, mama yako hakosi kujua nani anawasiliana nao. Mpelekee video. Ya jeneza kama unayo ndo itakayomfika, maana hakuna mtu wa Unguja atakayeweza kuitizama ile akalala.

mtoto_wa_kikwajuni

Ya jeneza sina, nani atatoa simu wakati ule. Lakini umenipa fikra, mama kasema khalati yao yupo Mwembetanga, walisoma darasa moja. Ntakwenda nae kesho.

mpemba_wa_wete

Mie nataka kumjibu la sheha kwa sababu naona limepitwa. Watu wanamwogopa sheha kama ukienda kwake ndo umeshtaki. Siyo. Ukenda kwa sheha kwa maneno mazuri unamfanya shahidi kabla hamjagombana. Kwetu Wete jirani alichimba karo la choo hatua kumi na mbili kutoka kisimani kwetu, nlizihesabu kwa miguu yangu. Watu wa afya wanataka mita 30 huko. Nkamwendea mwenyewe kwanza, akasema kiwanja chake kidogo hana pengine. Nkamwambia basi twende kwa sheha sote wawili, tusimame pamoja, mie sikushtaki nataka tuzungumze mbele ya mtu. Akaja. Sheha akamwita bwana afya, bwana afya akaja na futi, akasema hapa haiwezekani, ukichimba tutalifukia. Karo likahamia mbele ya nyumba yake, na kwa kweli mbele kulikuwa na nafasi, alikuwa hataki kuharibu baraza tu. Mpaka leo tunakula pamoja Idi.

Ningelikwenda kwa sheha kwa siri yeye akaitwa peke yake, hapo ndo vita. Na kitu chochote mkikubaliana kiandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari la mtoto, nyote mtie saini na sheha atie muhuri wake. Maneno ya mdomo mchana yanasahaulika usiku. Ikishindikana kabisa kuna Manispaa kwa mambo ya kibali, na mambo ya mpaka na ardhi kuna Mahakama ya Ardhi, lakini huko ukienda jua unakwenda na miaka, nyumba itakuwa ishaisha watu washahamia.

Halafu ukhti wa Shangani kataja boriti, nikakumbuka sheikh wetu alivotusomesha ile hadithi ya Mtume (SAW) kwamba jirani asimkataze jirani mwenzake kutia boriti kwenye ukuta wake. Watu wanaishika hapo tu, ati jirani avumilie. Sheikh akasema na isomeni ile nyengine, Jibril alivousia mambo ya jirani mpaka Mtume akadhani atapewa fungu kwenye mirathi. Sasa huyu wa Kikwajuni anatiliwa zege kwenye wali, boriti tena ya nini.

ukhti_wa_shangani

😂😂 Mpemba umeniua. Lakini kweli.

fundi_mwashi_ng'ambo

Kaka vidonge umebandika?

mtoto_wa_kikwajuni

Nimebandika fundi, viwili, na tarehe. Mama ananicheka kila akiingia jikoni, ati ukuta umeota chunusi.

mtoto_wa_kikwajuni (wiki nne baadae)

Jamani nimerudi, samahanini kwa kukaa kimya.

Tulikwenda kwa khalati Mwembetanga. Mama hakuzungumza habari ya nyumba hata kidogo kwa muda wa saa nzima, wamezungumza skuli, nani kafariki nani kaolewa, mie nimekaa pale na simu yenye video natoka jasho. Tunaaga ndo mama akasema, "mwanenu anajenga vizuri, ila siku hizi naoga usiku kama mwizi." Basi. Yule khalati alikaa chini tena.

Jamaa mwenye jengo alipiga simu usiku ule ule, video, kwanza kwa mama, akalia, mie nlikuwa nimejiandaa na maneno makali nikayameza. Kumbe msimamizi kamwambia majirani wote wamekubali na wamepewa "kitu kidogo" kwa usumbufu. Kitu kidogo hicho sijui kapewa nani. Mie sikupewa. Msimamizi hakufukuzwa, tulitaka na sie asifukuzwe kwa sababu yetu, lakini sasa anatuamkia.

Tukenda kwa sheha sote, mie na msimamizi na khalati kwa niaba ya mwenyewe, jamaa akiwa kwenye simu, kama alivosema mpemba. Imeandikwa. Grainda isianze kabla ya saa 2, wakate kwa maji. Mchanga umwagwe kwenye uwazi wa mbele. Kichochoro kisafishwe kila jioni. Siku ya zege tuambiwe siku mbili kabla. Kibanda cha mbao juu ya jiko kimefungwa, bati jipya tumenunuliwa na sufuria tumeletewa mpya ambayo mama haitaki, anapikia ile ile na kifuniko cha kukunjika, ati mpya inaunguza.

Haikwenda yote sawa. Wiki ya kwanza safi. Wiki ya pili grainda ikaanza saa 1 na robo, nikatoka na karatasi ya sheha mkononi nikasimama tu chini bila ya kusema, wakazima. Vumbi limepungua lakini bado lipo, mama tumempeleka kwa dada Mbweni mchana, jioni anarudi. Anasema kule hakuna wa kuzungumza nae.

Mafundi nao nimewajua sasa, wengi vijana wa bara, wanalala humo humo ndani juu ya mifuko ya simiti. Mama alipoona hivo akaanza kuwapelekea chai na mihogo asubuhi. Nikamuuliza hawa si ndo waliokuchungulia, akasema "wachunguliaji hawakosi njaa".

Vidonge vya ufa: cha chini kizima. Cha juu kina mstari mwembamba, kama nywele, katikati. Fundi nimekuwekea picha.

Madirisha: mawili kakubali yainuliwe, yameshazibwa nusu, ntakuoneshani. La tatu ni la ngazi, anasema mchoro wake uko hivo na ngazi itakuwa kiza, anataka kutia kioo cha mauwa kisichoonesha. Mie nataka liinuliwe kama mengine. Hatujamaliza.

fundi_mwashi_ng'ambo

Picha nimeiona. Mstari kama huo mara nyengine ni kidonge chenyewe kimekauka vibaya, ulikoroga na maji mengi. Bandika chengine pembeni yake, kizito kidogo, kimwagie maji siku tatu kisikauke haraka, andika tarehe ya leo. Kikipasuka na hicho nakuja mwenyewe Kikwajuni, Ijumaa sina kazi.

ukhti_wa_shangani

Kaka hilo la ngazi, kioo cha mauwa kinafunguliwa au kimefungwa moja kwa moja? Kama kinafunguliwa ni dirisha tu lenye mauwa. Muulize leo, lipu wanaanza lini?

mtoto_wa_kikwajuni

Jumatatu. Nampigia sasa hivi.